Kuhamia Kwenye Trela la Zamani na Kuishi Humo Mwaka Mzima: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoniomba msaada kuhusu jambo hili huwa wameshakwama, na huwa wamekwama palepale. Wamelipenda trela kwa umbo lake, wakalinunua, wakapaka rangi ndani, wakauza samani na kukabidhi funguo za nyumba. Mvua kubwa ya kwanza inanyesha na sakafu ya kona inaanza kubonyea. Au wanalipitisha kwenye mizani ya magari na kukuta limezidi uzito unaoruhusiwa kwa kilo mia mbili. Wakati huo hawana tena nyumba ya kurudi.

Kinachowaangusha ni mpangilio. Wanalipima trela kwa nafasi: kitanda kinaenea, kabati lipo, dirisha ni zuri. Trela linalokaliwa kila siku hupimwa kwanza kwa unyevu, pili kwa kilo, na nafasi inakuja ya tatu. Hatua zilizo hapa chini zimefuata mpangilio huo. Tafadhali usiruke yoyote, na hasa usiruke hatua ya 2, ya 4 na ya 8.

Ninaposema trela la zamani nina maana ya lile la kukokotwa na gari, lenye kitanda, jiko na pengine choo, lililotengenezwa miaka 30 iliyopita au zaidi.

## Andaa vitu hivi kwanza

Vya kukagulia: tochi yenye mwanga mkali, bisibisi ya bapa, kipima unyevu cha mbao chenye sindano mbili, mpira wa maji, chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni, ngazi, kioo kidogo chenye mpini.

Vya kupimia: utepe wa futi, utepe wa karatasi wa kubandika sakafuni, mizani ya kupimia uzito wa mtu, mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo, pimamaji, kipima unyevu wa hewa, na daftari moja litakalotumika kwa kazi hii tu.

Vya usalama: kifaa cha kutambua moshi, kifaa cha kutambua hewa ya kaboni monoksidi, kifaa cha kutambua gesi ya kupikia, mtungi wa kuzimia moto, kabari nne za magurudumu, jeki inayoweza kubeba uzito wa trela lako, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza nati.

Vya kuzibia: utepe wa butili (mpira laini unaonata), gundi ya kuziba ya poliyurethani, riveti na mashine yake kama bodi ni ya alumini.

Nyaraka: hati ya umiliki ya trela, kitabu cha gari litakalolikokota (unahitaji ukurasa unaotaja uzito linaoruhusiwa kukokota), na bima zote mbili.

Kuhusu muda, kama trela bado halijakarabatiwa, tenga miezi sita kwa uchache. Ukiona unaharakisha ili uwahi tarehe ya kukabidhi nyumba, sogeza tarehe hiyo mbele.

## Hatua ya 1: Pata jibu la maandishi kuhusu mahali pa kuegesha

Watu huanza na trela. Anza na ardhi, kwa sababu trela unaweza kulitengeneza lakini kanuni za mahali huwezi kuzibadilisha.

Uliza mambo manne: je, inaruhusiwa kulala ndani ya trela mahali hapo mwaka mzima, majitaka yanakwenda wapi, kuna umeme wa kiasi gani, na je, wanapokea trela la zamani? Swali la mwisho wengi hawalifikirii. Huko Marekani baadhi ya viwanja vya kuegesha hukataa trela lililozidi miaka 10, na vingine huomba picha kabla ya kukubali. Wewe una trela la miaka 40 au 50, kwa hiyo tuma picha mapema.

Suala la pili ni anwani. Benki, leseni, kura, matibabu na kodi vyote vinadai anwani ya kisheria, na trela linalohama halikupi. Tafuta utaratibu unaokubalika kisheria unakoishi kabla hujaiacha ya sasa.

Suala la tatu ni bima. Bima nyingi za trela huandikwa kwa matumizi ya mapumziko tu. Ukiungua nalo ukiwa unaishi humo, kampuni inaweza kukataa kulipa. Mwambie wakala waziwazi kwamba haya ni makazi yako ya kudumu, na uombe thamani ya trela ikubaliwe kwa maandishi mwanzoni. Thamani ya soko ya trela chakavu huwa ndogo kuliko gharama uliyotia.

Utajua umemaliza ukiwa na karatasi au barua pepe tatu: ruhusa ya kuegesha, anwani, na bima inayotaja makazi ya kudumu.

## Hatua ya 2: Tafuta maji yanakoingilia

Hakuna kitu kinachoua trela la zamani kama maji. Hata jipya hutegemea gundi kwenye viungo vyake, na gundi hiyo hukauka na kupasuka. La miaka 40 ambalo halijawahi kuzibwa upya linavuja, hata kama mwenye nalo anaapa kwamba halivuji.

Anza ndani, siku kavu. Fungua makabati ya chini, inua godoro, toa droo. Bonyeza plaiwudi ya sakafu kwa ncha ya bisibisi kwenye kona zote nne, kwenye kizingiti cha mlango, chini ya kila dirisha na kuzunguka choo. Mbao nzima inakataa ncha. Iliyooza inaipokea polepole, na bisibisi ikitoka inakuja na unyuzinyuzi mweusi wenye harufu ya ardhi. Weka alama ya chaki kila pabovu. Kwenye kuta tumia kipima unyevu: asilimia 15 kushuka chini ni sawa, ikipita 20 kuna maji yanaingia.

Usidanganywe na ukuta mpya. Wauzaji wengi hubandika paneli nyeupe juu ya uozo, kwa hiyo ukuta mpya katika trela la zamani unapaswa kukuongezea mashaka. Omba picha za fremu kabla haijafunikwa.

Halafu nenda nje na mpira wa maji. Mwenzako abaki ndani na tochi. Mwagia maji taratibu ukianzia chini ya ukuta, dakika kadhaa kila sehemu, kisha panda: chini ya dirisha, juu ya dirisha, kiungo cha paa, na mwisho paa lenyewe. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua tundu liko wapi. Usitumie mashine ya maji ya nguvu, kwani inasukuma maji mahali ambapo mvua isingefika.

Njia nyingine nzuri zaidi, kama una feni yenye nguvu: iweke kwenye tundu la hewa la paa ipulize kuingia ndani, ziba mianya iliyobaki kwa utepe, kisha nyunyiza maji ya sabuni nje kwenye kila kiungo na kila msumari. Panapovuja patatoa mapovu. Njia hii huonyesha vitundu ambavyo mvua ingechukua miezi kuvifichua.

Zingatia aina ya bodi. Matrela yenye fremu ya mbao na ngozi nyembamba ya bati huoza kwa ndani bila kuonyesha chochote nje. Yale ya alumini yaliyopigwa riveti, kama ya chapa za Airstream na Spartan, yana mbavu zisizooza, lakini sakafu yake ni ya mbao. Tena pale alumini inapogusana na chuma cha chasisi palipo na unyevu, alumini huliwa. Kwa Airstream fanya jaribio hili: mtu mzito asimame juu ya bampa ya nyuma na kuruka kidogo, wewe ukitazama kiungo cha bodi na bampa. Bampa ikishuka na bodi ikabaki, nyuma imeachana na chasisi. Hilo linatengenezeka, ila lazima uinue sakafu.

Kuziba: ng'oa gundi yote ya zamani, safisha kwa spiriti, weka utepe wa butili chini ya kila fremu ya dirisha na kila ukingo wa kona, kaza, kisha malizia kwa poliyurethani. Usitumie silikoni. Haishiki vizuri kwenye chuma kinachopanuka na kusinyaa kwa jua, na ikishapakwa, karibu hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake. Atakayekuja kuziba baada yako atakwangua kwa siku nyingi.

Onyo: kabla ya kupiga msasa rangi ya zamani, ipime kwa kifaa cha kupimia madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi ya majumbani mwaka 1978, na matrela mengi ya zamani ni ya kabla ya hapo. Vigae vya sakafu vya enzi hizo na kinga za joto karibu na hita vinaweza kuwa na asbesto. Hivyo usivivunje wala kuvikata kabla ya kupimwa.

Mafanikio yanaonekanaje: dhoruba tatu mfululizo zipite bila kipima unyevu kupanda popote. Hadi hapo, usinunue rangi wala mapazia.

## Hatua ya 3: Ingia chini ya trela

Lala chini na tochi. Kutu ya juujuu ya kahawia haina shida. Kutu inayobanduka kama magamba, hasa kwenye shingo ya trela (chuma cha mbele kinachoungwa na gari) na panapofungwa ekseli, ni ya fundi wa kuchomelea.

Soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho katika msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mimi sikubali tairi ya trela iliyozidi miaka 6 hata kama kashata zake ni nzima, maana tairi za trela huzeeka kwa kusimama. Tairi ikipasuka barabarani hupasua na bodi iliyo juu yake.

Fungua magurudumu, safisha beringi, paka grisi mpya, na ukague breki. Kama breki ni za umeme, gari lako lazima liwe na kifaa cha kuziendesha. Jaribu pia waya wa dharura unaofunga breki endapo trela litachomoka: vuta kipini chake, gari lisogee taratibu, na magurudumu ya trela yagome.

Ekseli zenye mpira ndani huchoka kwa umri. Mkono wa gurudumu ukiwa umelala sambamba na ardhi au umepanda juu trela likiwa tupu, mpira umekwisha na ekseli ni ya kubadilisha.

## Hatua ya 4: Jua kilo zako kabla ya kugusa kabati moja nyumbani

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kibati cha mtengenezaji hutaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Usiamini uzito wa trela tupu ulioandikwa hapo. Tangu liondoke kiwandani limewekewa kiyoyozi cha paa (takribani kilo 40), kivuli cha pembeni, sakafu mpya, pengine jiko jipya. Lipeleke kwenye mizani ya magari likiwa tupu, na uanzie na namba ya siku hiyo.

Tuseme kiwango cha juu ni kilo 1,800, na mizani imesema 1,350. Una kilo 450. Sasa toa vitu ambavyo huwezi kuviepuka:

- maji lita 100: kilo 100
- mitungi miwili ya gesi iliyojaa: kilo 35 hivi
- betri mbili kubwa za asidi: kilo 55 hivi

Zimebaki 260. Humo lazima viingie godoro, vyombo, nguo za misimu yote, vifaa vya ufundi, kompyuta, chakula, viti vya nje, na kila kitu cha kila mtu. Sanduku moja la wastani la vitabu ni kilo 15 hadi 20. Namba hizi ukiziona mapema, maamuzi ya hatua ya 7 yanakuwa mepesi sana, kwa sababu hubishani tena na moyo. Unabishana na mizani.

Acha akiba ya kilo 50 usizoziguse. Vitu huongezeka, havipungui.

Kagua na gari pia. Kitabu cha gari kinataja uzito wa kukokota na uzito unaoruhusiwa kukalia ndoano. Mara nyingi ule wa pili ndio unaofika ukomo kwanza.

## Hatua ya 5: Gesi na umeme

Gesi. Badilisha regyuleta na mipira yote bila kujali inaonekanaje. Wasiliana na fundi mwenye leseni apime mfumo mzima kwa shinikizo. Kila unapofunga mtungi mpya, paka maji ya sabuni kwenye kiungo, na kikitoa povu, funga mara moja. Gesi ya propeni ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, kwa hiyo kifaa cha kuitambua kiwekwe chini, karibu na sakafu. Cha kaboni monoksidi kiwe karibu na mahali pa kulala.

Usipashe trela joto kwa jiko la kupikia wala kwa hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje. Sababu ya kwanza ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Sababu ya pili ni maji: kilo moja ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, na mvuke huo wote unaishia kwenye kuta ulizohangaika kuzikausha.

Umeme. Trela lina mifumo miwili: wa volti 12 kutoka kwenye betri, na wa umeme mkubwa ukichomeka nje. Chaja za zamani huchemsha betri hadi kuziua, basi ing'oe na uweke ya kisasa. Kama nyaya za umeme mkubwa ni za alumini, au maungio yake yamepata rangi nyeusi, mwite fundi wa umeme.

Betri uzipime kwa hesabu. Mfano wa siku moja: friji ya volti 12 wati-saa 500, kompyuta ya wati 60 kwa saa 4, 240, feni ya wati 25 usiku kucha, 200, taa nne za LED za wati 5 kwa saa 5, 100, simu mbili, 30, pampu ya maji, 15. Jumla 1,085. Gawanya kwa 12, ni kama ampea-saa 90. Betri ya asidi hupaswi kuitumia zaidi ya nusu yake, kwa hiyo unahitaji ampea-saa 180 kwa siku moja tu isiyo na jua. Ya lithiamu inakubali kutumiwa karibu yote, na ina uzito kama nusu au chini ya hapo. Ni ghali, ila rudi kwenye hesabu ya hatua ya 4 uone kilo zinazookolewa. Kwa mfano huu, paneli za sola za wati 300 zinatosha mahali penye saa 5 za jua kali.

Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Waya wenye kasoro usio na fyuzi huwasha moto hata ukiwa umezima kila kitu.

## Hatua ya 6: Maji safi na majitaka

Matrela mengi ya zamani hayana tangi la maji ya sinki. Enzi zile maji yalimwagwa chini tu. Leo mahali pengi hairuhusiwi, kwa hiyo panga kufunga tangi au angalau dumu la magurudumu la kupokea.

Safisha tangi la maji safi kabla ya kunywa: mililita 1 ya dawa ya klorini isiyo na manukato (ile ya asilimia 5 hadi 6) kwa kila lita 1 ya tangi. Jaza, fungua kila bomba mpaka usikie harufu, acha saa 12, mwaga, suuza hadi harufu iishe. Mpira wa maji ya kunywa uwe wa peke yake, usiwekwe pamoja na bomba la choo. Ukijiunga na bomba la mji, tumia kipunguza presha cha baa 3, maana mabomba ya zamani hupasuka.

Choo ni uamuzi wa kila mtu. Cha tangi ni rahisi kutumia, lakini valvu yake ifungwe hadi tangi lifike theluthi mbili. Ukiiacha wazi maji hutoka na uchafu hubaki ukikauka chini. Cha mboji kinachotenganisha mkojo hakihitaji maji wala tangi, na kinaokoa kilo nyingi. Kwa trela dogo mimi huchagua hicho.

## Hatua ya 7: Punguza vitu kwa mizani

Bandika utepe wa karatasi sakafuni sebuleni ukichora trela kwa ukubwa wake halisi: kitanda, kabati, jiko, njia. Andika ndani ya kila kabati upana, urefu na kina. Sasa kila kitu unachotaka kubaki nacho kiingie ndani ya mchoro, kikiwa kimepimwa, na kilo zake ziandikwe daftarini. Jumla ikifika kikomo chako, kinachoingia kinatoa kingine.

Anza na vitu visivyo na hisia: vyombo vya jikoni, mashuka, vifaa vya karakana. Kwa jikoni, toa vyote, rudisha kile tu ulichotumia ndani ya wiki mbili. Sufuria mbili na kikaango kimoja vinapika karibu kila kitu. Nguo ndizo zinazofuata, kisha vitabu. Picha na vitu vya marehemu viwe vya mwisho kabisa. Ukianza navyo utakaa sakafuni na sanduku moja siku nzima, na hutarudi kwenye kazi kwa wiki.

Kwa vitu hivyo vya moyoni, ushauri wangu ni kuvigawa ukiwa bado una nyumba. Waite wenyewe, ndugu, watoto, marafiki, waje wachague, uwasimulie kila kimoja kilitoka wapi. Saa ya babu inayosikika kwenye nyumba ya binamu iko hai kuliko ikiwa imefungwa gazetini kwenye ghala. Ukibaki na kitu, kiwe kile unachokishika mkononi mara kwa mara.

Karatasi: chunguza, piga nakala za kidijitali, weka sehemu mbili tofauti. Asili za vyeti vya kuzaliwa, ndoa, umiliki na wosia ziingie kwenye mfuko usioshika moto wala maji.

Kuhusu kukodi ghala, fanya hivyo ikiwa tu una tarehe ya kulifunga, iliyoandikwa. Ghala lisilo na tarehe hukufanya ulipie mwezi baada ya mwezi vitu ambavyo hujavikosa.

Kama mnahama wawili, kila mmoja apewe kabati lake lenye kilo zake, na mwenzake asiwe na kauli juu ya kinachowekwa humo.

Dalili nzuri: daftari lina jumla moja, iko chini ya kikomo, na huna rundo la "nitaamua baadaye".

## Hatua ya 8: Ishi humo ukiwa bado una nyumba

Egesha trela karibu na nyumba na uishi ndani kwa wiki nne. Lala, pika, oga, fanya kazi humo. Sheria ni moja: ukihitaji kitu kutoka nyumbani, kaandike daftarini kabla ya kukichukua, tarehe na sababu.

Wiki ya kwanza orodha itakuwa ndefu. Usibadilishe chochote kwanza. Kufikia wiki ya tatu utaona kinachojirudia, na hicho ndicho kinachokosekana kweli: pengine ni taa ya kusomea au meza ya kufanyia kazi mwenzako akiwa amelala. Vitu vilivyotajwa mara moja tu havihitajiki.

Pima pia lita za maji unazotumia kwa siku na asilimia ya betri kila asubuhi. Chagua kipindi chenye hali mbaya ya hewa kwa makusudi. Jaribio lililofanyika kwenye hewa tulivu halijakufundisha kitu kuhusu baridi, mvua ya siku tano, au joto la mchana ndani ya bati.

Nyumba usiiuze wala usirudishe funguo zake kabla ya wiki hizi kuisha. Kama unaweza, ipangishe kwa mwaka kwanza. Na kama baada ya wiki nne mmoja wenu hataki tena, jambo hilo lijadiliwe hapo hapo, mkiwa na vyumba viwili vya kuzungumzia.

## Hatua ya 9: Pakia, kisha rudi kwenye mizani

Vizito viwe chini na karibu na ekseli, vyepesi juu na pembeni. Uzito mkubwa nyuma hulifanya trela liyumbe kwa kasi, na likishaanza kuyumba ni vigumu kulituliza.

Kwenye mizani chukua namba tatu: gari peke yake, gari likiwa limeunganishwa, magurudumu yake tu yakiwa juu ya mizani, na vyote pamoja. Mfano: 2,300, 2,510, 4,050. Trela ni 4,050 kutoa 2,300, yaani 1,750. Uzito wa shingo ni 2,510 kutoa 2,300, yaani 210, ambao ni asilimia 12 ya trela. Kwa matrela ya Marekani lenga asilimia 10 hadi 15. Karavani za Ulaya huundwa kwa uzito mdogo zaidi shingoni, hivyo fuata kibati chake. Ikiwa pungufu, sogeza mzigo mbele.

## Hatua ya 10: Kuondoka na kuegesha

Kabla ya kuondoka zunguka trela lote kwa mpangilio uleule kila mara: tufe la kuvutia linalingana na kikombe chake na limefungwa, minyororo imepishana chini ya shingo ili iidake ikianguka, waya wa dharura umefungwa kwenye gari, taa zote zinawaka, gesi imefungwa, tundu la paa limefungwa, makabati yamekomewa, ngazi imepanda, nati zimekazwa kwa spana ya kipimo. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa karibuni zikazwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160.

Ukifika, sawazisha kwanza kushoto na kulia kwa kupandisha gurudumu juu ya ubao, trela likiwa bado limeungwa na gari. Kisha weka kabari magurudumu yote mawili, pande zote. Ndipo uachanishe, na usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya shingo. Ukiachanisha kabla ya kabari, trela linaweza kuondoka peke yake. Miguu ya pembeni ni ya kutuliza tu. Ukiinulia trela kwayo utapinda fremu. Kama friji yako ni ya gesi, usawa huu ni wa lazima, kwani ikiwa imeinama mfumo wake wa kupoza huharibika.

## Hatua ya 11: Miezi ya kwanza

Kazi ya kila siku sasa ni kutoa unyevu. Acha tundu la paa na dirisha moja wazi kidogo hata kwenye baridi, maana hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Funika sufuria unapopika. Usianike nguo ndani. Kipima unyevu wa hewa kisizidi asilimia 60. Kikizidi siku mbili mfululizo, tafuta sababu. Inua godoro juu ya vipande vya mbao vyenye nafasi kati yake, na kila wiki libinue uguse upande wa chini. Ukiwa na umajimaji, ukungu uko njiani.

Kila baada ya miezi mitatu panda ngazi ukague gundi ya paa, hasa kuzunguka tundu la hewa na kwenye kona za mbele zinazopigwa na upepo barabarani. Mara moja kwa mwaka, beringi, breki na mfumo wa gesi. Na kila unapobadilisha kitu kikubwa, iwe betri, tangi au kabati, pitisha trela kwenye mizani tena na uandike namba mpya chini ya ile ya zamani.